Gundi ya Chupa Moja

Habari za kifo cha Dakta Majura zilinikuta Tunduma, nikiwa katika chumba changu cha nne cha kupanga ndani ya miaka mitatu. Aliyenipigia ni mpwa wake, kijana nisiyemfahamu, na jambo la kwanza nililofanya, kabla hata ya kusema pole, ni kumwuliza namba yangu kaitoa wapi. Akasema ilikuwa imeandikwa nyuma ya mlango wa kabati la dawa, kwa mkono wa marehemu mwenyewe, chini ya namba zangu nyingine tano ambazo kila moja ilikuwa imekatwa kwa mstari. Nilikaa kitandani nikiziwaza zile namba tano. Kila nilipohama mji na kubadili laini nilimwachia mdogo wangu wa Musoma namba mpya, basi, na sikumpa mtu mwingine. Maana yake Dakta alikuwa akienda kwake kuiomba. Kwa nini mtu akufuate kwa kalamu miaka ishirini na miwili na asikupigie hata siku moja? Mtu mwema angesema ni mapenzi ya mwajiri wa zamani. Mimi nilisema ana jambo lake, na kufa kwake hakukunibadilisha mawazo. Nilifunga begi nikiwa na huzuni, na chini ya huzuni ile kulikuwa na shaka.

Nilifika Butiama, kijijini kwao marehemu, siku moja kabla ya mazishi. Wanaume walikuwa wamekaa kwa mistari chini ya turubai, na nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanachambua mchele. Kati yao nikamwona dada Zuhura, niliyewahi kufanya kazi naye kwa Dakta. Alikuwa amenenepa, ushungi kaufunga kisogoni usije ukaingia kwenye chakula, anasimamia sufuria mbili zilizotengwa kando kwa ajili ya Waislamu waliotoka Musoma na Bunda. Akaniona. Hakusalimia. Alitazama kifuniko cha sufuria, akaona kimekaa upande, akakirudisha kikakaa sawasawa, kisha akanitazama tena. Mtu mwingine pale angeona mama anafunika wali. Mimi niliona chupa ndogo nyeusi yenye kifuniko cheupe, na nikawa tena na miaka ishirini na mitatu.

Mwaka ule nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye Kiingereza kizuri na hesabu za aibu, na Dakta Majura alinichukua kwa sababu ya Kiingereza. Alihitaji mtu wa kumsomea maboksi, alisema, maana macho yake yalishaanza kukataa herufi ndogo na yeye hakutaka miwani mbele ya wagonjwa. Kliniki yake ilikuwa Iringo, pale Musoma mjini, vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, kiasi kwamba mgonjwa alipita kwanza kati ya majora ya vitenge ndipo afike kung'olewa jino. Chumba cha kwanza kilikuwa na benchi na meza ya dada Zuhura, aliyepokea wagonjwa na kuandika majina. Chumba cha pili kilikuwa na kiti chenye mkono uliofungwa plasta, taa ya mwanga wa bluu ya kukaushia dawa, mashine ya hewa iliyounguruma kama ya kusaga mahindi, friji fupi, na dirishani mtungi wa kioo uliojaa meno yaliyong'olewa, yamelala kwenye maji ya chumvi. Kati ya vyumba viwili hapakuwa na mlango, kulikuwa na pazia. Kwa hiyo kila kilichosemwa benchini tulikisikia, na kila aliyelia kitini walimsikia. Saa saba mchana tulikula wote watatu kwenye meza ya Zuhura: ugali wa muhogo, samaki furu wa kuchemsha au dagaa, na mchicha. Dakta alitafuna furu na miiba yake yote, huku asubuhi ile ile ametoka kumwambia mgonjwa asiguse kitu kigumu. Zuhura alimwambia, "Dakta, siku meno yako yakivunjika tutacheka mpaka tuzimie." Naye akajibu kwamba meno yake hayana gundi ya duka, yana gundi ya Mungu.

Gundi ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa mwaka ule. Jino likitoboka, Dakta alilisafisha na kuliziba kwa dawa nyeupe, lakini ile dawa haishiki jino yenyewe kwa yenyewe. Inashikwa na gundi nyembamba inayopakwa kwanza kwa kibrashi, inapulizwa hewa, halafu inapigwa taa. Zamani gundi hiyo ilikuwa na chupa tatu. Ya kwanza asidi, ya kukwaruza jino. Ya pili maji ya kufungua njia. Ya tatu gundi yenyewe, nzito kama asali. Ilikuwa kazi ndefu, mgonjwa akitema mate katikati, unaanza upya. Mwaka ule ikaja gundi ya chupa moja. Dakta aliinunua kwa Mzee Idi, mwenye duka la vifaa vya hospitali pale Kabasa, Bunda, akairudisha Musoma ameishika mkononi njia nzima kama yai. Yote matatu yamo humu, alituambia. Unapaka, unapuliza, unapiga taa, mgonjwa anaenda zake. Ilikuwa na harufu kali iliyoingia puani na kutoka machoni, na Zuhura aliponusa mara ya kwanza alisema, "Hii naijua. Ndiyo ile ninayofutiaga rangi ya kucha." Alikuwa na kichupa cha dawa ya kufuta rangi kwenye droo yake, kwa sababu alipenda kupaka kucha kwa ajili ya harusi za Jumamosi na hakuweza kutawadha zikiwa na rangi. Tulicheka wote. Nakumbuka mimi ndiye niliyecheka zaidi, na ndiye niliyeliweka lile neno moyoni.

Mimi nililelewa kwamba mgeni hasubirishwi. Mgeni akionekana kule barabarani, maji ya kunawa yawe tayari yamekaa, na akikaa tu, sahani iko mbele yake. Msichana anayekimbilia jikoni mgeni akiwa ameshafika ni msichana asiyefundwa. Ndivyo nilivyofanya kazi. Mgonjwa alipopita pazia, alikuta vyombo vyangu vimepangwa: pamba, vibrashi, kioo, na kisahani kidogo cha plastiki chenye tone la gundi ndani yake. Siku za gulio, wagonjwa walipojaa benchini, nilipanga visahani vitatu kwa mstari asubuhi, kila kimoja na tone lake, vikisubiri wenyewe. Dakta alinyoosha mkono bila kutazama na kibrashi kikatua mkononi mwake kimeshalowa. "Huyu," aliwaambia wagonjwa waliokuwa wameachama midomo na hawawezi kujibu, "huyu ananijua kabla sijanena." Sijawahi kusifiwa hivyo tangu hapo, na nimefanya kazi nyingi katika miji mingi.

Baada ya miezi miwili hivi, meno yakaanza kurudi. Watu walikuja na vipande vya dawa vilivyobanduka, wamevihifadhi kwenye viboksi vya kiberiti, wakaviweka juu ya meza ya Zuhura bila salamu. Mwanzoni tuliwalaumu wao. Huyu kala muwa, yule kafungua soda kwa meno. Halafu tukalaumu maji, maana kuna visima mkoani kwetu vinavyotia meno rangi ya kahawia, na Dakta alisema ganda la meno ya namna hiyo ni gumu kushikika. Lakini wakaja na wenye meno meupe kama maziwa, nao na viberiti vyao. Aliyetutesa zaidi alikuwa Mzee Wandwi wa Butiama. Kama wazee wengi wa rika lake kule, meno yake mawili ya mbele yalichongwa ujanani yakabaki na ncha, na uzeeni zile ncha zilianza kumuuma kwa maji ya baridi. Juu ya hilo binti yake alikuwa anaolewa kanisani, na mzee alitaka siku ile acheke kama watu wa kwenye kalenda. Dakta akamjengea meno. Yakadumu wiki tatu. Akamjengea tena. Mara ya tatu mzee alikuja akakaa benchini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka duka la vitambaa, "Aliyenichonga alikuwa na patasi na nyundo tu, hakusoma, na kazi yake ina miaka hamsini. Hawa wana umeme, kazi yao haimalizi mwezi." Nyuma ya pazia Dakta alisimama na koleo mkononi, akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akinitazama namna ile, kama mtu anayehesabu waliomo ndani ya nyumba.

Tangu siku hiyo tukawa watu watatu wanaolindana. Dakta alianza kufunga friji kwa kufuli dogo na ufunguo akauning'iniza ukutani, ambapo kila mmoja wetu aliuona, kwa hiyo sijui alikuwa anamfungia nani. Mimi nikachora alama ya kalamu ubavuni mwa chupa kila jioni, nikaitazama kila nilipoifungua. Gundi ilikuwa inapungua haraka kuliko wagonjwa tuliowaziba. Nililiona hilo kwa macho yangu, na kupungua kwa kitu kuna mtu nyuma yake. Halafu kulikuwa na harufu. Kila asubuhi ya gulio, kabla Dakta hajaanza kazi, chumba kizima kilinuka ile dawa, na nikajiuliza nani ameifungua. Nikakumbuka kichupa cha kwenye droo. Mwizi wa gundi angejazia na nini kama si kitu chenye harufu ile ile? Wakati wa kula nikaanza kutazama kucha za Zuhura. Zikiwa na rangi nilijiambia anajiandaa, zikiwa safi nilijiambia ameshatumia. Alinisogezea furu mkubwa, nikajiuliza kwa nini ananipa mkubwa. Sasa hivi nikiandika naona jinsi akili ilivyonoga kwa shaka ile. Ilinipa kazi ya ndani, kitu cha kuamkia. Nimekutana na watu wengi wa namna hiyo njiani na ninawatambua haraka, kwa sababu nilikuwa wao.

Asubuhi moja nilichelewa, nikaingia kimya kupitia dukani. Pazia lilikuwa limevutwa nusu. Zuhura alikuwa ameinama mbele ya friji iliyofunguliwa, chupa nyeusi mkononi, vidole vyake juu ya kifuniko. Alishtuka. Sikumwuliza kitu. Nilingoja Dakta afike, nikamwambia mbele ya Zuhura, kwa sauti ya upole ambayo hadi leo ikinijia nafumba macho, kwamba nimemkuta dada ameshika chupa. Zuhura akasema, "Nilikuwa naifunga, Dakta. Nimefungua friji kuweka maji, nikakuta kifuniko kimelegea. Si mara ya kwanza. Huwaga naifunga nanyamaza." Dakta akanigeukia. Nikasema mimi sijawahi kuiacha wazi. Nililisema haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye moto, na nadhani wakati ule niliamini. Dakta akaenda kwenye meza ya Zuhura, akavuta droo, akatoa kichupa cha kufutia kucha, akakinusa, akanusa na chupa yetu. Kweli zilifanana. Akaziweka zote mbili mezani. Hakusema mwizi. Alisema tu kwamba labda dada Zuhura apumzike kidogo nyumbani mpaka jambo hili lieleweke. Zuhura alikunja leso yake, akachukua bakuli lake la chakula, akafika mlangoni, akanigeukia mimi, si Dakta. "Mdogo wangu," alisema, "jino likiuma ulimi hauachi kuligusa. Utaligusa hili." Akatoka kati ya vitenge. Baada ya wiki tukasikia amehamia Kabasa kwa kaka yake.

Meno hayakuacha kubanduka. Nilikuwa nimengoja yaache, ili niwe mkweli. Yalipoendelea, shaka yangu ikahamia kwa Mzee Idi: bila shaka anauza chupa zilizopitwa na wakati na kubandika karatasi mpya juu. Nikamwomba Dakta ruhusa, nikaenda Bunda na boksi tupu kwenye mkoba. Mzee Idi alikuwa mtu wa kofia na tasbihi, mwenye duka lililonuka dettol na udi. Nilimwuliza tarehe za chupa zake kama askari. Hakukasirika. Alivua miwani, akaniuliza kama nimesoma. Nikasema kidato cha nne. "Basi kumbe nimepata bahati," alisema, akatoa boksi jipya, akalifungua, akachomoa karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane. "Miaka yote nauza vitu hivi, hakuna daktari aliyenirudia na swali kutoka kwenye karatasi hii. Wanaitumiaga kuwashia jiko. Nisomee, binti, na mimi nijue ninachouza." Mimi niliyeajiriwa kusoma maboksi nilikuwa nimesoma jina na tarehe, basi. Karatasi ya ndani nilikuwa naitupa.

Nikamsomea nikitafsiri polepole. Tikisa chupa. Toa tone wakati ule ule wa kulitumia. Usiliache wazi, kwa kuwa ile sehemu inayoruka hewani ikishaondoka, gundi haipenyi tena kwenye jino. Funga kifuniko mara moja. Sugua kwa kibrashi, usipake tu. Puliza mpaka isiyumbe tena. Mzee Idi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi. Nilipomaliza nikarudi kwenye neno la kifuniko, kidole kikabaki hapo. Niliviona visahani vyangu vitatu kwa mstari, asubuhi ya gulio, vimekaa saa nzima vikisubiri wagonjwa. Ile harufu iliyojaa chumba ilikuwa ni gundi yetu ikiondoka visahanini. Ule upungufu niliouchorea alama yalikuwa matone ya wagonjwa waliokuwa hawajaja, au waliokuja wakang'olewa badala ya kuzibwa, nami nikayafuta kwa pamba na kuyatupa. Na kifuniko? Mtu anayekimbilia kupanga sahani tatu kabla mgeni hajakaa hafungi vizuri. Mzee Idi aliniuliza, "Vipi, kuna neno gumu?" Nikamwambia ndiyo, kuna neno gumu.

Kutoka duka lile hadi kwa kaka yake Zuhura, nilivyoelekezwa baadaye, si zaidi ya dakika kumi kwa miguu. Sikwenda. Nilipanda basi la kurudi Musoma, na njiani nilipanga la kumwambia Dakta: kwamba karatasi inasema hewa yetu ya kupuliza haitoshi. Hilo lilikuwa kweli pia. Mashine ilipiga kelele hata yeye mwenyewe ikamchosha, na alikuwa anapuliza mara mbili tu na kuizima. Kwa hiyo nilimletea kosa lake, langu nikalibakiza mkobani. Tangu kesho yake sikupanga visahani. Alinyoosha mkono ukabaki hewani, akageuka kuangalia, nami nikawa nafungua chupa mbele yake. Niliona amegundua.

Ndipo akaja na wazo ambalo sijui mpaka leo kama lilikuwa la kitaalamu au la kunipima mimi. Jumamosi mchana, baada ya kufunga, tulitoa meno kwenye mtungi wa dirishani, tukayasimika kwenye plasta ya kutengenezea meno ya bandia, kila jino uso juu. Juu ya kila uso tukabandika kifundo cha dawa nyeupe, na ndani ya kifundo, kabla hakijapigwa taa, tukazamisha kitanzi cha uzi wa nyavu. Dawa ikishakauka, tuligeuza jino chini, tukaning'iniza kopo kwenye uzi, na kulijaza mchanga wa ziwani kijiko kwa kijiko mpaka kifundo kibanduke. Idadi ya vijiko ndiyo ilikuwa nguvu ya gundi. Nusu ya meno tuliyapima siku ya pili. Nusu nyingine Dakta aliyarudisha kwenye maji, akasema yakae mpaka mvua zipite, kwa sababu, alisema, kushika leo si kudumu. Kila kundi lilipakwa kwa njia yake: hili mpako mmoja, lile miwili, hili pulizo fupi, lile refu, hili limeguswa asidi ya zamani kwenye ganda la nje kabla ya gundi, lile halikuguswa, na jingine lilipakwa juu yake gundi nzito ya ile chupa ya tatu ya zamani, iliyokuwa imebaki kabatini. Mimi niliongeza kundi moja bila kuambiwa. Nilidondosha tone kwenye kisahani, nikaliacha muda wa mtu kuchomwa ganzi na kungoja mdomo ufe, ndipo nikapaka.

Kundi langu lilibanduka kwa vijiko vichache tu siku ile ya kwanza ya kupima. Dakta alibaki na kijiko cha mchanga hewani. "Hili la kisahani umelifikiriaje?" Nikasema karatasi imekataza. "Karatasi imekataza," alisema. "Nakuuliza wewe." Nje mtu alikuwa anajadiliana bei ya kitenge. Nikainama kuokota vifundo vilivyobanduka. Dakta alishusha kijiko, akachukua kile kisahani cha plastiki, akakigeuza mbele ya dirisha kama anayetafuta ufa, kisha akakitia mfuko wa koti lake jeupe. Akaendelea kumwaga mchanga kwenye kopo jingine. Usiku ule na nyingine nyingi nilijiuliza alikitia mfukoni cha nini. Mtu hatunzi kitu kisicho na thamani isipokuwa ni ushahidi.

Mvua zilipopita tukapima yaliyokaa majini. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho nimekibeba kila mji. Yale yenye mpako mmoja na pulizo fupi, ambayo siku ya pili yalikuwa yamebeba kopo kwa ushujaa, sasa yaliachia kabla kopo halijafika nusu. Dakta alieleza kwamba gundi hii rahisi inapenda maji. Ndiyo maana inaingia kwenye jino lenye unyevu, na ndiyo maana maji yanaifuata humo humo na kuila polepole. Waliochanganya matatu kuwa moja walirahisisha mkono wa daktari, hawakulirahisishia jino. Lakini yale yaliyosuguliwa mipako miwili, yakapulizwa mpaka gundi ikatulia, ganda lake likaguswa asidi kwanza, na juu yake ikafunikwa ile gundi nzito isiyopenda maji, yalibeba kopo likajaa mpaka mdomoni. Moja halikubanduka kabisa. Uzi ndio ulikatika, kopo likaanguka, mchanga ukatapakaa sakafuni, na Dakta akacheka peke yake kama mtoto. Mzee Wandwi alijengewa meno kwa njia hiyo, akakaa kitini muda mrefu akilalamika kwa mikono. Alimtoa binti yake kanisani akiwa nayo, na hakurudi na kiberiti.

Mimi niliondoka mwisho wa mwaka ule. Nilisema nimepata kazi Mwanza, ambayo sikuwa nimepata. Ukweli ni kwamba sikuweza tena kula saa saba kwenye ile meza, droo ikiwa magotini mwangu. Jina la Zuhura halikutajwa kati yetu tena, na nilidhani Dakta amelisahau au amelizika. Kila mahali nilipokwenda nilikuwa mfanyakazi mzuri kwa miaka mitatu minne hivi, kisha mtu akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nikafunga begi.

Basi siku ile Butiama nilizunguka turubai mara mbili, nikasalimia watu nisiowajua, nikaishiwa na pa kwenda. Nikaenda kwenye sufuria. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatunga tangu Tunduma, yakaondoka yote. Nikasema, "Dada Zuhura, kile kifuniko nilikiachaga wazi mimi."

"Najua," alisema, na akaendelea kupunguza kuni.

Nikabaki nimesimama. Akanisogezea kigoda kwa mguu, nikakaa, naye akanieleza bila haraka. Baada ya mvua za mwaka ule ule Dakta alikwenda Kabasa amevaa shati la kanisani. Alipokaribishwa alitoa mfukoni kisahani cha plastiki, akakiweka juu ya mkeka, akasema si chupa, ni hiki, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikisifia kila siku mbele za watu. Akamwomba msamaha na akamwomba arudi. Zuhura alimsamehe, kurudi akakataa. "Nikamwambia, nitarudi siku aliyenisema akija mwenyewe kunichukua. Akataka akupigie. Nikamwambia asithubutu, miguu anayo. Basi ikawa kila ukihama ananiletea namba yako. Dada Zuhura, sasa yuko Songea. Dada Zuhura, sasa yuko Kahama. Anaikata ya zamani, anaandika mpya. Mzee wa watu kafa anakusubiria."

Nilitazama moto. Miaka yote ile nilikuwa nimedhani namba yangu inatafutwa na mtu mwenye ushahidi. Nikamwuliza kama sasa angenisamehe. Aliinua mdomo wa juu kwa kidole na kunionyesha jino la mbele, ambalo nilikumbuka lilikuwa na pengo pembeni, kwa sababu ni yeye, na si wagonjwa, aliyekuwa akifungua soda kwa meno. Pengo halikuwepo. Lilizibwa mara tu nilipoondoka Musoma, alisema, kwa njia ile ya kopo na mchanga; alipita kliniki kusalimia, Dakta akakataa kumwacha aondoke mpaka alizibe. "Vuta," akaniambia. Nikasita. "Vuta, si ulikuwa hutuamini?" Nikaweka ukucha kwenye ukingo, pale dawa inapokutana na jino, na nikauvuta kweli, kwa nguvu ya miaka yote. Sikupata hata pa kuingizia ukucha.

Alifuta mdomo kwa ncha ya ushungi, akaita msichana alete maji ya kunawa, akaniambia niende mezani, wali wangu ameshaupakua. Nikamwuliza, kabla sijajizuia, umepakuliwa saa ngapi, na kama umefunikwa. Zuhura alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika sufuria, pale msibani, mbele za watu, na lile jino likaonekana lote.